Gololi Zilizomng'oa Jammeh

Wengi tuliopokea habari za Gambia tarehe 2 Desemba 2016 tulidhani zimekosewa. Yahya Jammeh, aliyetwaa nchi kwa mtutu wa bunduki mwaka 1994 na kutamka kuwa angetawala miaka bilioni moja Mwenyezi Mungu akipenda, ameshindwa na Adama Barrow, mfanyabiashara wa majumba asiyejulikana sana.

Hatuoni kuwa ilikuwa bahati tu. Kwa miaka mingi wapinzani waligawana kura zao wenyewe, naye akapita katikati. Aprili 2016 Solo Sandeng wa chama cha UDP alikamatwa akiandamana kudai mageuzi ya uchaguzi, akafia mikononi mwa dola. Kiongozi wake, Ousainou Darboe, alitoka barabarani kumuulizia. Julai akafungwa miaka mitatu. Aliyedhani amewakata kichwa kumbe amewaunganisha: vyama saba vikasimama nyuma ya Barrow.

Desemba 2015 Jammeh alikuwa ameitangaza nchi kuwa Jamhuri ya Kiislamu. Waliotaraji tamko hilo limkinge waliwadharau Wagambia. Waislamu pale ni zaidi ya tisa katika kila kumi, na waliofiwa na waliofungiwa jamaa zao walikuwa Waislamu vilevile.

Kisha kuna gololi. Kila mpiga kura hupewa moja, akaitumbukiza katika pipa lenye rangi ya mgombea wake. Kengele iliyomo hulia mara moja, na atakayerudia husikika. Mwaka huo gololi zilihesabiwa pale pale kituoni, mbele ya mawakala. Intaneti ilizimwa siku ya kura, lakini hesabu iliyokwisha kushuhudiwa katika kila kituo haizimiki kwa swichi.

Jambo moja husahauliwa. Barrow alipata asilimia 43.3, Jammeh 39.6. Asilimia 17.1 zilimwendea Mama Kandeh, mbunge wa zamani wa chama tawala chenyewe. Tofauti ya wawili wa mwanzo haikufika kura 20,000, na sheria haikuwa na duru ya pili. Nyumba ya Jammeh ilikuwa imepata ufa kutoka ndani.

Alikubali kushindwa kwa simu, akicheka. Tarehe 9 Desemba akageuka. Barrow aliapishwa katika ubalozi wa nchi yake mjini Dakar, tarehe 19 Januari 2017. Siku mbili baadaye, majeshi ya ECOWAS yakiwa yameingia, Jammeh alipanda ndege kwenda uhamishoni, Guinea ya Ikweta.