Dola milioni 78 kwa kijana ambaye hajacheza mechi hata moja: ilikuwaje?

Julai 2010, timu ya St. Louis Rams ya Marekani ilimsainisha kijana wa miaka 22 mkataba wa miaka sita wenye thamani ya dola milioni 78. Kwa kiwango cha siku hizo, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 100 za Tanzania. Kijana huyo, Sam Bradford, alikuwa hajacheza mechi hata moja ya ligi ya kulipwa. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka chuo kikuu, na msimu wake wa mwisho chuoni ulikatishwa na jeraha la bega lililomfikisha kwenye chumba cha upasuaji.

Kila tunapogusa fedha za michezo ya Marekani kipindini, ujumbe wenu huja na swali lile lile: wanampaje mtu fedha zote hizo kabla hawajamwona uwanjani? Dakika za redioni hazitoshi kulijibu, ndiyo maana tumeliandika hapa mlisome taratibu.

Kwanza tuelewane ni mpira upi. Hatuzungumzii soka. Hii ni futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, wachezaji wakivaa helmeti na kugongana mabega. Ligi yake kuu inaitwa NFL na ina timu 32. Kila timu ina mtu mmoja anayeitwa kwotabeki: ndiye anayeupokea mpira mwanzoni mwa shambulizi, kisha kwa sekunde mbili tatu aamue amrushie nani au ampe nani akimbie nao. Ukiwa na kwotabeki dhaifu, hata wengine wawe simba, mambo hayaendi. Ndiyo maana timu iliyokwama huanza kutafuta dawa yake hapo.

Na Rams walikuwa wamekwama kweli. Msimu wa 2007 walishinda mechi tatu kati ya 16. Uliofuata, mbili. Wa 2009, moja. Kwa misimu mitatu, mechi 48, ushindi mara sita. Mashabiki wa St. Louis walikuwa wameonja utamu kabla ya hapo: Januari 2000 timu hii ilitwaa Super Bowl, ikiongozwa na kwotabeki Kurt Warner, mtu ambaye hakuna timu iliyomchagua alipomaliza chuo na ambaye kuna wakati alikuwa akipanga bidhaa usiku kwenye rafu za duka la vyakula. Shujaa wao wa kwanza waliokota bure, kwa lugha ya mtaani. Wa pili walimlipia.

Anayeshika mkia huchagua kwanza

Kwetu, klabu ikitaka mchezaji inakwenda kuzungumza naye au na klabu yake, na mwenye fedha nyingi ndiye anayeondoka naye. NFL vijana wanaotoka vyuoni hawanunuliwi hivyo. Kila mwaka, mwezi Aprili, timu zote hukutana na kuchagua kwa zamu, na iliyofanya vibaya kuliko zote msimu uliopita hupewa zamu ya kwanza. Wao utaratibu huo wanauita drafti. (Si lile drafti la vizibo vya soda kibarazani, ingawa nalo lina watu wanaofikiri muda mrefu kabla ya kusogeza kete.) Mchezaji hachagui timu. Akiitwa na timu fulani, hiyo ndiyo yenye haki ya kuzungumza naye.

Nia ni kusawazisha ligi, ili wanyonge wapate nafasi ya kuinuka. Wazo hilo sisi tunaliona zuri, na kuna siku tunajiuliza ligi zetu zingekuwaje kama timu inayoponea chupuchupu kushuka daraja ingepewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana kabla ya wakubwa.

Mtanzania mmoja aliupitia utaratibu huu, upande wa mpira wa kikapu. Juni 2009, Hasheem Thabeet aliitwa wa pili katika drafti ya NBA na Memphis Grizzlies, timu iliyokuwa imeshinda mechi 24 tu kati ya 82. Naye alibebeshwa matumaini ya timu iliyochoka. Haikuwa rahisi. Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha alishushwa kwa muda kwenye ligi ndogo ya kukuzia wachezaji, na mwaka 2011 akahamishiwa Houston. Waliochaguliwa baada yake mwaka ule wamo James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Memphis hadi leo wanataniwa kwa hilo.

Lakini kulikuwa na tofauti kubwa kati ya Thabeet na Bradford. NBA ilikuwa na jedwali la mishahara ya wachezaji wapya tangu 1995, mwaka mmoja baada ya Glenn Robinson, aliyechaguliwa wa kwanza na Milwaukee, kupata mkataba wa dola milioni 68 kwa miaka 10. Kwa hiyo kabla jina la Thabeet halijasomwa, malipo ya namba mbili yalikuwa yameshaandikwa, na klabu iliruhusiwa kupanda au kushuka kidogo tu. NFL ya 2010 haikuwa na jedwali la namna hiyo. Wakala wa mchezaji alikuwa anakaa mezani, anaangalia aliyechaguliwa wa kwanza mwaka jana alilipwa kiasi gani, anaanzia hapo kwenda juu.

Mwaka 2007 Oakland Raiders walimchagua wa kwanza kwotabeki JaMarcus Russell. Hakuripoti kambini hadi alipokubaliwa kiasi alichotaka, na alisaini Septemba, msimu ukiwa umeshaanza: dola zipatazo milioni 61. Alianza mechi 25, timu ikapoteza 18, na Mei 2010 akaachwa. Mwaka 2009 Detroit Lions, waliokuwa wametoka kupoteza mechi zote 16 za msimu, walimpa Matthew Stafford miaka sita kwa dola milioni 72. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Bradford, milioni 78.

Fedha za uhakika

Hapa tunaomba mtulie kidogo, maana ndipo vichwa vya habari hupotosha.

Katika soka, kwa kanuni za FIFA, klabu ikivunja mkataba bila sababu halali hudaiwa fidia. Ukisaini miaka mitatu, kwa kawaida ni miaka mitatu. NFL si hivyo. Timu inaweza kumwacha mchezaji mwaka wa pili na ile miaka iliyobaki ikayeyuka, isipokuwa kile kiasi kilichoandikwa kwamba ni cha uhakika, kwamba atalipwa hata akiumia au akiachwa. Kwa hiyo mkataba wa milioni 78 si milioni 78. Cha kutazama ni ile sehemu ya uhakika, na kwa Bradford ilikuwa milioni 50.

Kiasi hicho kilikuwa kikubwa mno. Septemba mwaka huo huo, Tom Brady, kwotabeki aliyekuwa tayari na mataji matatu ya Super Bowl, aliongeza mkataba wake New England kwa fedha za uhakika dola milioni 48.5. Mgeni kampita mwenye nyumba.

Tunaligusia hili kwa sababu wapo wazazi wanaotuuliza kuhusu mikataba ya vijana wao wanaoitwa na klabu za mjini. Tunayoweza kusema ni haya: tarakimu kubwa iliyo juu ya karatasi ni ya gazetini. Ulizeni kijana akivunjika mguu mwezi wa tatu analipwa nini, na klabu ikimrudisha nyumbani katikati ya msimu imeandikwa nini. Kama hakuna mstari unaojibu, basi hakuna fedha hapo, kuna ahadi.

Je, aliiinua timu?

Mwaka wa kwanza, ndiyo. Bradford alianza mechi zote 16 za msimu wa 2010. Alikamilisha pasi 354, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa mwaka wa kwanza kabla yake, akichukua rekodi iliyokuwa ya Peyton Manning. Alipewa tuzo ya mshambuliaji bora chipukizi. Timu iliyokuwa imeshinda mechi moja ilishinda saba, na siku ya mwisho ya msimu, tarehe 2 Januari 2011, ilikwenda Seattle ikihitaji ushindi tu ili iwe kinara wa kundi lake. Ikafungwa 16 kwa 6.

Ungedhani mwaka unaofuata watavuka. Msimu wa 2011 kifundo cha mguu kilimsumbua, alicheza mechi 10, na timu ikashinda mbili tu. Kocha mkuu akafukuzwa. Waliokuwa wakimfundisha mashambulizi walibadilika mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kila mwaka kijana anajifunza upya lugha ya kuitana uwanjani. Kisha Oktoba 2013 goti la kushoto likachanika. Alipona, akarudi, na katika mechi ya maandalizi ya 2014 goti lile lile likachanika tena. Machi 2015 alipelekwa Philadelphia.

Katika misimu mitano Rams walimpata kwa mechi 49 kati ya 80. Kwa maoni yetu si haki kumwita mzembe, kama wengine walivyofanya. Goti haliangalii mkataba. Lakini mkataba ule ulifunga mikono ya timu pia. Mwaka 2012, baada ya msimu mbovu, Rams walipata tena nafasi ya juu, ya pili, na kulikuwa na kwotabeki aliyesifiwa sana, Robert Griffin. Wakaiuza nafasi hiyo kwa Washington ili wapate nafasi nyingine kadhaa, kwa kuwa kwotabeki walikuwa naye tayari na fedha zilikuwa zimeshamwelekea.

Wamiliki wa timu walikuwa wameshachoka mapema zaidi. Machi 2011 waliwafungia wachezaji milango, wakawa hawaruhusiwi hata kufanya mazoezi klabuni, hadi Julai makubaliano mapya yalipofikiwa. Ndani yake mlikuwa na jedwali la malipo ya wachezaji wapya. Wachezaji wakongwe hawakulipinga sana, na ukifikiri utaona kwa nini: chungu ni kimoja, anachopakuliwa mgeni hakiwafikii waliokaa miaka minane. Aliyechaguliwa wa kwanza mwaka huo, Cam Newton wa Carolina, alipata miaka minne kwa dola milioni 22. Zilikuwa za uhakika zote, lakini ukiziweka karibu na 50 za Bradford, utadhani ni ligi mbili tofauti. Na Newton tayari alikuwa ameshinda tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, kama Bradford.

Rams wenyewe waliondoka St. Louis na kurudi Los Angeles mwaka 2016. Mwaka huo walimchagua wa kwanza kwotabeki mwingine, Jared Goff, kwa malipo ya jedwali. Mwaka 2021 wakambadilisha Goff na Detroit, wakamchukua yule Stafford wa milioni 72, ambaye katika misimu 12 hakuwa ameshinda mechi hata moja ya mtoano. Msimu wake wa kwanza Los Angeles alitwaa Super Bowl, Februari 2022, akiwa na miaka 34.

Watu wakasema Detroit wameliwa. Tarehe 14 Januari 2024 timu hizo mbili zikakutana kwenye mtoano, Detroit, Stafford upande mmoja na Goff upande mwingine. Detroit walikuwa hawajashinda mechi ya mtoano tangu Januari 1992. Walishinda 24 kwa 23, na jina walilokuwa wanaliimba majukwaani lilikuwa la Goff.