Umeshindwa Mtihani wa Pikipiki: Sasa Ufanye Nini?

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii ya wazee yafaa ikumbukwe na kila kijana aliyepanda pikipiki mbele ya mtahini, kisha akaambiwa neno moja tu: "Umeshindwa."

Msomaji, huenda wewe ndiwe kijana huyo. Au huenda wewe ndiwe baba uliyeuza mbuzi ili mwanao apate karo ya shule ya udereva. Maneno haya ni yenu nyote wawili, kwa maana pikipiki ikinunuliwa kwa mbuzi wa boma, ni mali ya boma zima.

Siku hizi katika Kaunti ya Turkana pikipiki ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo chombo cha kazi kwa mkulima wa Kitale. Mwaka 2008 Serikali iliondoa ushuru wa thamani juu ya pikipiki ndogo, na tangu hapo zimeenea nchi nzima. Pikipiki huleta dawa ya mifugo kutoka mjini, hupeleka samaki wa Ziwa Turkana sokoni, na hubeba mama mgonjwa mahali ambapo gari halifiki. Huko Kakuma kazi ni nyingi zaidi. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Leo watu zaidi ya laki mbili wanakaa huko, nao wote wana safari zao na mizigo yao.

KIJANA MMOJA WA KAKUMA

Sasa tuseme yuko kijana mmoja wa Kakuma. Baba yake ameuza mbuzi, pikipiki imenunuliwa, nayo imesimama kando ya boma, imefunikwa turubai. Kijana ameandikiwa mtihani Lodwar, mwendo wa kilomita 120 hivi. Maswali ya alama za barabara ameyajibu vizuri. Lakini alipoambiwa aendeshe polepole akizunguka katikati ya koni, aliweka mguu chini mara mbili, na alipoambiwa asimame ghafula, gurudumu la nyuma liliteleza. Akashindwa.

Jioni amekaa katika gari la kurudi, jua linatua, naye anafikiri atamwambia baba nini. Mbuzi wale hawarudi. Pikipiki haijaleta hata shilingi moja.

Kabla hajafika nyumbani atapata mashauri mawili. La kwanza litatoka kwa mtu mwenye simu mkononi, atakayemwambia, "Nipe fedha kidogo, leseni itakuja yenyewe." La pili litatoka kwa rafiki: "Leseni ya nini? Panda tu. Unajua kuendesha."

Mashauri yote mawili ni matamu kwa mtu aliyechoka. Tuyapime moja moja, kama mnunuzi apimavyo mbuzi sokoni: asitazame pembe tu, bali afungue kinywa na kuhesabu meno.

KUNUNUA LESENI

Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humtia hatiani anayetoa na anayepokea, wote wawili. Adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 10, au faini ya shilingi milioni 5, au vyote pamoja. Hesabu mwenyewe milioni 5 ni mbuzi wangapi.

Tena, malipo halali hayapiti mfukoni mwa mtu. Mtihani na leseni ni kazi ya Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, yaani NTSA, na fedha hulipwa kwa njia ya eCitizen. Mwaka 2023 Serikali ilikusanya malipo yake katika nambari moja, 222222. Mtu akikupa nambari yake mwenyewe ya simu ili umtumie "ada ya mtihani", shika fedha zako uende ukaulize katika Kituo cha Huduma.

Lakini hata kama asingekamatwa mtu yeyote, liko jambo kubwa zaidi. Leseni ya kununua haikufundishi kushika breki. Gurudumu lililoteleza mbele ya mtahini litateleza pia mbele ya ngamia, na ngamia hapokei hongo.

KUPANDA BILA LESENI

Sheria ya Barabara inakataza mtu kuendesha chombo cha moto barabarani bila leseni ya aina ya chombo hicho. Ile hati ya mwanafunzi uliyopewa ni ya kujifunzia. Si ya kubebea abiria wa kulipa.

Tena sheria inataka kila pikipiki iwe na bima kwa ajili ya watu wengine watakaoumia. Ukimgonga mtoto wa jirani nawe huna leseni, unaweza kujikuta kortini, na kampuni ya bima ikaja kukudai wewe fedha iliyolipa. Hapo ndipo mifugo iliyobaki itakapotoka bomani. Mbuzi uliouza kwa ajili ya masomo walikwenda kwa hiari yako. Hawa watakwenda kwa amri.

Fikiri pia juu ya barabara yenyewe. Barabara kuu ya A1 yatoka Kitale, yapita Lodwar na Kakuma, hata Lokichoggio na mpaka wa Sudan Kusini. Malori mazito hupita humo, na mifugo huvuka. Ukienda mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kila sekunde moja unapita mita 17 hivi. Mtu akiona hatari, mara nyingi yampita sekunde moja na nusu kabla mkono wake haujafanya kazi. Basi umekwisha kwenda mita 25 na breki bado haijaguswa. Na ukizidisha mwendo mara mbili, breki zitataka nafasi mara nne, wala si mara mbili. Usiku ngamia hana taa, na mwanga wa pikipiki ndogo haufiki mbali.

KURUDI KUJIFUNZA

Njia ya tatu ni ndefu, lakini ndiyo inayofika. Nayo huanza kwa swali moja.

Mbuzi akiugua, Bwana Mifugo huuliza: anaugua wapi? Je, ni macho, ni pumzi, ni tumbo, ni kwato? Kwa sababu homa ya mapafu haiponi kwa dawa ya minyoo. Na mtihani ni vivyo hivyo. Kusema "nimeshindwa" hakusaidii. Sema umeshindwa wapi.

Kwa hiyo, kabla hujaondoka uwanjani, mwendee mtahini kwa adabu umwombe akuonyeshe makosa yako. Yaandike siku ile ile, maana aibu husahaulisha. Muulize pia lini unaweza kuandikiwa mtihani tena na ni ada gani utakayolipa. Kisha mpelekee mwalimu wako karatasi ile, umwambie, "Nifundishe haya." Usimlipe akurudishie masomo yote tangu mwanzo kama kosa lako ni moja au mawili.

Makosa yanayowasumbua wanafunzi mara kwa mara ni haya:

1. Mwendo wa polepole. Wengi huweza kwenda mbio, maana pikipiki yenye mwendo husimama yenyewe. Ikienda polepole huanguka. Dawa yake ni hii: acha mafuta yaende sawasawa, shika klachi nusu, na ukanyage breki ya nyuma kidogo kidogo. Macho yatazame unakotaka kwenda, si gurudumu la mbele. Ukilitazama gurudumu utaweka mguu chini. Panga mawe kwenye uwanja mtupu usio njia ya watu, uzunguke kwa umbo la nambari 8, asubuhi na jioni.

2. Kusimama ghafula. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu uzito huhamia mbele pikipiki inaposimama. Mwenye kukanyaga breki ya nyuma peke yake gurudumu lake hujifunga na kuteleza, kama la kijana wetu. Katika lami kavu tumia zote mbili, ukibana ile ya mbele polepole kisha kwa nguvu, na pikipiki ikiwa wima. Lakini katika mchanga wa laga au juu ya kokoto usiibane ya mbele ghafula, maana gurudumu la mbele likiteleza huwezi kulirudisha. Huko punguza mwendo mapema.

3. Alama na mji wa mfano. Mtu aliyekulia mahali penye barabara moja hana kosa akitatizwa na mji uliochorwa juu ya ubao. Shika mambo machache kwanza. Hapa Kenya twaendesha upande wa kushoto. Katika mzunguko wa barabara wapishe wanaotoka kuliani. Alama ya pembetatu yenye ukingo mwekundu yakuonya. Duara lenye ukingo mwekundu lakukataza. Duara la buluu lakuamuru. Chora mji wako mchangani kwa fimbo, tia vijiwe viwe magari, na umwombe ndugu yako akuulize maswali. Kama lugha ndiyo iliyokutatiza, mwambie mwalimu wako mapema, aulize siku ya mtihani utasaidiwaje.

4. Aina ya leseni. Leseni za pikipiki ni za namna mbalimbali. A1 ni ya pikipiki ndogo kabisa, A2 ni ya pikipiki ya kawaida, na A3 ni ya bodaboda, ya wabeba vifurushi na ya magurudumu matatu. Kama unakusudia kubeba watu kwa malipo, hakikisha umeandikiwa mtihani wa A3. Ni hasara kushinda mtihani usio wa kazi yako.

Na jambo moja la wakaao mbali: kama unatoka Kakuma kwenda Lodwar, usisafiri asubuhi ile ile ya mtihani. Fika jana yake, ulale, unywe maji, uzoee pikipiki utakayopewa. Mtu aliyepigwa na jua kilomita 120 mikono yake hutetemeka. Na kama wewe ni mkimbizi unayetakiwa kuwa na kibali cha safari, kiombe mapema.

PIKIPIKI IFANYE KAZI

Lakini je, pikipiki ikae chini ya turubai miezi yote hiyo? Hapana. Mfugaji asiye na mchungaji humpa mwingine mifugo yake kwa mapatano. Mtafute mtu mwenye leseni halali, mzee wa makamo kuliko kijana wa mbio, mpatane malipo ya kila siku. Andikeni mapatano mbele ya mashahidi: nani atanunua mafuta, nani atatengeneza ikiharibika, na jioni italala wapi. Hakikisha bima ni ya kazi ile inayofanywa. Malipo hayo yatakuwa madogo kuliko ungepata mwenyewe, lakini yatatosha kulipia mtihani wa pili bila kuuza mbuzi mwingine, hasa mbuzi jike azaaye, ambaye hauzwi ila kwa shida kubwa.

Na umwambie mpandaji wako sheria isemavyo: abiria ni mmoja tu, na wote wawili wavae kofia ngumu na jaketi yenye kung'aa. Wataalamu waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi mwaka 2008 waliona kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Wengine husema kofia ni joto katika jua la Turkana. Ni kweli, ni joto. Kitanda cha hospitali ni joto zaidi.

KWA BABA WA KIJANA

Turudi sasa kwa kijana wetu. Gari limefika Kakuma, giza limeingia, naye anatembea kwenda bomani. Baba amekaa nje. Kijana anasema, "Baba, nimeshindwa."

Mzee, neno utakalosema wakati huo lina thamani kuliko pikipiki. Ukimtukana na kumhesabia mbuzi, kesho atamtafuta yule mtu mwenye simu, au ataliondoa turubai usiku bila kukuambia. Atafanya hivyo ili asione tena uso wako ukiwa hivyo.

Muulize kama ambavyo Bwana Mifugo angeuliza: "Umeshindwa wapi?"

Naye atakuambia: mguu uligusa chini, na breki ya nyuma ikateleza. Makosa mawili. Mlikuwa mkidhani mmepoteza mali yote, kumbe yamebaki makosa mawili, nayo yana dawa. Kesho asubuhi, kabla jua halijawa kali, nendeni wote wawili mkapange mawe uwanjani.