Bonasi ya Ekerenyo: Kisa cha Sharti Lisilotajwa

Wazee wetu walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, na siku zote nilidhani yawahusu wenye maduka tu. Lakini nilipofika Ekerenyo, katika Kaunti ya Nyamira, nilitambua kuwa hata mwenye daftari aweza kupotelewa, ikiwa lile lililostahili kuandikwa halikuandikwa.

Ekerenyo ni mji mdogo wa soko katika vilima vya Mugirango Kaskazini. Minazi huku hakuna. Macho hukutana na migomba na michai, shamba baada ya shamba. Nilikuwa nimefuatana na rafiki yangu mfanyabiashara wa ndizi. Tulipokuwa tukingoja gari lipakiwe, tulikaribishwa kuketi na wazee waliokuwa wakisuluhisha majirani wawili.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Mama mmoja mwenye shamba lake alihitaji karo ya watoto. Akamkodisha jirani yake michai kwa muda wa miaka 3, kuanzia Januari. Jirani alilipa fedha zote taslimu, karatasi ikaandikwa, na wote wawili wakatia sahihi mbele ya mashahidi. Jirani akawa anapalilia, anachuma, na kupeleka majani kituoni kwa nambari ya yule mama, maana yeye ndiye mkulima aliyesajiliwa kiwandani. Kila malipo ya mwezi yalipoingia katika akaunti yake, mama alimkabidhi jirani bila kinyongo. Ilipofika Oktoba ikaja bonasi, na hapo kitumbua kikaingia mchanga.

"Mama," alisema yule jirani kwa adabu, "mimi nimekodi michai, na bonasi imetokana na michai."

"Mwanangu," akajibu mama, "nimekukodisha majani uchume. Bonasi sikukukodisha. Nionyeshe ilipoandikwa."

Karatasi ikasomwa mara mbili. Neno bonasi halikuwamo.

Ndugu msomaji, usifanye haraka kuhukumu. Hapakuwa na mwongo pale, wala tapeli. Palikuwa na maswali mawili ambayo watu huyachanganya: je, mapatano haya ni sahihi? Na je, masharti yake yasemaje?

Tuanze na usahihi. Katika sheria yetu ya Kiislamu, mapatano ya biashara yana nguzo zake. Wenye kupatana wawe na akili, wawe wamebaleghe, na waridhie bila kulazimishwa. Pawe na ijabu na kabuli, yaani mmoja atoe kauli na wa pili aipokee. Kitu kiwe halali, kijulikane, na kiweze kukabidhiwa. Bei nayo ijulikane.

Mwenye kusoma fiqhi ataniuliza: yafaa kukodi mti kwa ajili ya mazao yake? Suali hilo ni zito. Madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu pwani twayafuata, yasema kukodi ni kupata manufaa ya kitu, kama vile kukaa katika nyumba, na tunda si manufaa bali ni kitu chenyewe. Wako wanazuoni waliojuzisha, kama Ibn Taymiyya, kwa hoja kwamba Sayyidna Umar alikodisha bustani ya Usayd bin Hudhayr, aliyefariki akiwa na deni, ili deni lake lilipwe. Basi mwenye nia ya kukodi miti na amuulize mwanachuoni wake kabla ya kutoa fedha.

Serikali nayo ina masharti yake. Mzee mmoja aliuliza, "Mlifika kwenye bodi ya ardhi?" Wote wawili wakatazama chini. Sheria ya Kenya ya mwaka 1967 inayosimamia ardhi ya kilimo yataka kuuza au kukodisha shamba katika maeneo yaliyo chini yake kupate idhini ya bodi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu kupatana. Bila idhini hiyo mapatano ni batili, japo yawe na mashahidi kumi. Aliyelipa hubaki na haki ya kudai fedha zake kama deni. Jirani alipoelezwa hayo, sauti ikapungua. Alitambua kwamba karatasi aliyoipunga tangu asubuhi huenda mahakamani isimfae kitu.

Sasa masharti. Mzee yule akaeleza bonasi ni nini. Si zawadi. Mkulima hulipwa kiasi fulani kwa kilo kila mwezi. Kisha chai huuzwa, sehemu kubwa katika mnada wa Mombasa, mji wetu wenyewe. Gharama zikishatolewa, kinachobaki hulipwa wakulima, na kwa kawaida ni karibu na Oktoba. Hesabu ya mwaka huo huanza Julai na kuishia Juni. Kwa hiyo bonasi ile ilikuwa na sehemu mbili: majani ya Julai hadi Desemba yaliyochumwa na mama, na majani ya Januari hadi Juni yaliyochumwa na jirani.

Risiti za kituoni zikaletwa, kilo zikajumlishwa, na kila mmoja akapata kwa kadiri ya majani yake. Kisha wazee wakauliza ambalo hakuna aliyelifikiria: mkodishaji akiondoka mwisho wa mwaka wa tatu, bonasi ya majani yake ya miezi 6 ya mwisho italipwa Oktoba inayofuata. Nani ataipokea? Likaandikwa. Wakaagizwa wayapeleke mapatano mapya kwenye bodi, kwa ombi jipya.

Njiani nilifikiri habari za kwetu. Wangapi Pemba hukodishana mikarafuu, na wangapi pwani hununua mwembe ungali maua, ilhali Mtume (S.A.W.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihirika kuiva kwake? Mvua ikiyapukutisha, hasara ya nani? Husemwa, "Sisi twaaminiana." Kisha ndugu hawazungumzi hadi kufa.

Tena tusijidanganye kwamba Kadhi atatuamulia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imempa Kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kesi za biashara huenda mahakama nyingine, na hakimu wa huko ataanzia kwenye karatasi yenu. Mkitaka biashara yenu ifuate dini, yaandikeni masharti yake humo. Na lililo haramu halihalaliki kwa kuandikwa. Sharti la riba ni batili hata likipigwa muhuri.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Mola wetu hakuona kuwa ni utovu wa imani watu wanaoaminiana kuandikiana.

Gari lilipoondoka, nilimwona yule mama na jirani yake wakiteremka pamoja kuelekea mashambani, karatasi mpya mkononi mwa mama, wakizungumza.