Triko hupunguzwa kwenye mashini, si kwa mkasi



Katika koperative za milimani tunazotembelea, akina mama wanafuma triko za shule wakati mashamba yanasubiri mvua. Kazi nzuri: kule kuna baridi, na masomo yanaanza Septemba. Lakini pahali pamoja tulikuta triko zimerudishwa. Shingo ilikatwa kwa mkasi. Zilipofuliwa mara ya kwanza, uzi ukaanza kukimbia mpaka kifuani. Wazazi wakadai franka zao, na walikuwa na haki.

Sisi ni watu wa mbegu. Kwa hiyo tulikaa na mafundi wenyewe, na haya ndiyo walitufundisha.

Kwanza, kipande cha kujaribu. Fuma kipande, kifue, kiache kikauke. Kikitoka kwenye mashini kiko kimevutwa. Ukipima palepale utadanganyika. Kisha hesabu vitanzi na mistari katika sm 10. Tuseme umepata vitanzi 28 na mistari 40. Upande wa mbele wenye upana wa sm 36 unaomba vitanzi 101. Ongeza 2 vya kushonea, jumla 103. Ni kama kupanda maharagwe: ukikosea nafasi, shamba lote limekosea.

Kupunguza. Kwenye kwapa, funga vitanzi vichache upande ule chario iko, fuma mstari mmoja, kisha funga idadi ileile upande wa pili. Halafu punguza kimoja kimoja: kwa kifaa cha meno matatu, sogeza vitanzi 3 vya pembeni sindano moja kuelekea ndani. Sindano moja itabeba vitanzi viwili, na ya nje itabaki wazi. Hiyo irudishe nyuma kabisa. Ukiisahau, itashika uzi tena na hesabu imeharibika. Kwa shingo, toa vitanzi vya katikati kwa uzi wa rangi nyingine. Bega moja linasubiri, lingine linafumwa.

Kuongeza. Mkono unaanza na vitanzi 56 na kufika 86: ni 30 vya kuongeza, kimoja kila upande, yaani mara 15. Urefu wa sm 30 ni mistari 120. Ongeza kila baada ya mistari 7. Hiyo ni 105. Mistari 15 inayobaki, fuma bila kuongeza. Sogeza kitanzi cha pembeni nje, na sindano iliyobaki tupu uivalishe uzi wa kitanzi jirani, sababu bila hiyo tundu litabaki.

Kumaliza. Funga shingo bila kukaza, kichwa cha mtoto kipite. Acha mkia wa uzi wa sm 20, uufiche ndani kwa sindano. Tandika vipande, vipime, vinyunyizie maji, viache vikauke. Uzi wa akriliki usiuwekee pasi ya moto: unalala, hauinuki tena. Shona kwa uzi uleule: mabega, kisha mikono, mwisho ubavu.

Mbele ya kupeleka sokoni, fueni triko moja na kuvuta shingo yake. Ikishikilia, andikeni hesabu zake kwenye daftari ya koperative, ili fundi mwingine asianze upya. Triko moja ikirudishwa, jina linaloharibika ni la kikundi chote.