Kwa nini twatoa, na kwa nini wengine hawafikiwi

Simu ya mtu wa Mombasa, Malindi au Lamu haimalizi wiki bila ujumbe wa mchango. Huyu apelekwa India kwa upasuaji, yule figo zimekataa na yataka asafishwe damu mara mbili kwa wiki, mwengine nyumba yake ya makuti imeteketea pamoja na vyeti vya watoto. Chini ya ujumbe pana picha, namba ya M-Pesa na orodha: wa kwanza ametoa 5,000, wa pili 1,000, wa tatu amejiandika "mja wa Mungu", 500. Kila anayetuma hunakili orodha nzima, huongeza jina lake mwishoni na kuirudisha kundini. Kufikia Isha majina yameshapita arobaini.

Shirika la Uingereza liitwalo Charities Aid Foundation hupima ukarimu wa mataifa kwa kuuliza watu mambo matatu: katika mwezi uliopita, umemsaidia mtu usiyemjua? Umetoa pesa? Umejitolea wakati wako? Mwaka 2022 Kenya ilikuwa ya pili duniani, nyuma ya Indonesia, na mwaka 2024 ikawa ya pili tena. Nchi nyingi zenye mifuko mizito kuliko yetu zilikuwa chini. Basi si utajiri unaofungua mkono. Ni nini?

Jibu tulilolelewa nalo ni thawabu, na ni jibu la kweli kwa anayeamini. Lakini haliwezi kuwa pekee, maana hata asiyengoja thawabu hutoa. Watafiti wa Canada na Marekani walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2008: asubuhi waliwapa watu dola 5 au 20, wengine wakaambiwa wajinunulie kitu, wengine wamnunulie mtu au watoe sadaka. Jioni waliotumia kwa ajili ya wengine walikuwa na furaha zaidi, na kiasi cha pesa hakikuleta tofauti. Kutoa kwamfaa mtoaji pia, na hakuna haja ya kuona aibu kwa hilo.

Kisha kuna haya. Orodha ya WhatsApp si daftari tu. Ukiona jina la binamu yako, la mwalimu wako wa madrasa na la jirani wa mlango wa pili, nafasi iliyo wazi chini yao yakutazama. Wako wanaolalamika kwamba huku ni kujionyesha. Qur'ani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 271, yasifu sadaka ya wazi na kusema ya siri kwa mafukara ni bora zaidi. Zote mbili zina nafasi. Bila orodha ya wazi, wengi wetu tungesoma ujumbe, tukaguna "maskini", tukaendelea na mengine.

La tatu ni kubwa kuliko hayo, nalo ni sahani. Jirani akikuletea kaimati Ramadhani, sahani yake hairudi tupu. Huweka japo ndizi mbili. Matangani, kuna mzee mwenye daftari anayeandika nani ameleta ubani na kiasi gani, na daftari lile halitupwi. Siku ya msiba wa mtu huyo, litafunguliwa. Mfaransa Marcel Mauss aliandika juu ya jambo hili mwaka 1925, akitumia habari za watu wa visiwa vya Pasifiki na wenyeji wa kaskazini magharibi ya Amerika. Alisema zawadi hubeba wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Bibi zetu hawakumsoma, lakini sahani zao zilijua.

Hapo ndipo penye taabu. Kama twatoa kwa sababu twajuana na twarudishiana, aliye nje ya mzunguko ana nini? Mfanyakazi wa nyumbani aliyekuja mjini juzi. Mkongwe ambaye rika lake lote limezikwa. Kijana aliyetoka jela. Huyo akiugua, hakuna wa kumfungulia kundi, na likifunguliwa, orodha hukwama kwenye jina la saba.

Macho nayo huongeza upungufu. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo watu waliopewa dola 5 waliombwa wachangie walio na njaa Afrika. Walioonyeshwa habari za mtoto mmoja tu, Rokia, msichana wa miaka 7 wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38. Walioonyeshwa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa 1.14. La ajabu ni kwamba waliopewa habari za Rokia pamoja na takwimu walitoa 1.43 tu. Hesabu ilipoza huruma.

Kwa hivyo familia zimejifunza kuweka picha: mgonjwa kitandani, mipira puani, kifua wazi. Mtu aliyeishi miaka sitini akijisitiri, heshima yake sasa yazunguka kwenye makundi ya watu asiowajua, kwa sababu bila picha pesa haiji. Na kuna shida zisizopigika picha. Ugonjwa wa akili haupigiki. Deni la dukani na kodi ya nyumba ya miezi minne hazipigiki.

Hii ndiyo sababu zaka haikuachiwa huruma peke yake. Ni kipimo: mali iliyofika nisabu, thamani ya takriban gramu 85 za dhahabu, ikikaa mwaka mzima wa mwezi mwandamo, hutolewa asilimia 2.5. Mwenye akiba ya shilingi milioni 2 atatoa 50,000, awe ameguswa moyo au hakuguswa. Na wapokeaji wametajwa katika Sura ya At-Tawba aya ya 60, makundi manane. Miongoni mwao wamo wenye madeni na msafiri aliyekatikiwa njiani, yaani yule asiyepigika picha na yule asiye na jamaa hapa. Aya haiulizi kama wamjua.

Kwa asiyelipa zaka, au asiye Mwislamu, njia ya kipimo ipo vilevile: mtaa kuweka shilingi 100 kila mwezi kabla ya mtu kuugua, na watu watatu wanaoaminika kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani hajapika tangu jana. Kazi hiyo haina picha ya kusambaza. Yataka mweka hazina asiyechoka kufuatilia, na watu watakaokubali kutuma 100 zao mwezi ambao hawajasikia habari za mgonjwa yeyote.