Kunyoosha Gurudumu la Baiskeli Nyumbani

Katika wilaya za Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, baiskeli ni mali ya kutegemewa na jamaa nzima. Ndiyo ipelekayo ndizi sokoni, ndiyo ibebayo madumu ya maji na magunia ya makaa, na mara nyingine humfikisha mgonjwa zahanati. Usafiri wa boda-boda wenyewe ulianza kwa baiskeli mpakani Busia, katika miaka ya 1960, wasafiri walipokuwa wakivushwa baina ya vituo vya forodha vya Kenya na Uganda. Leo pikipiki zimeshika sehemu kubwa ya kazi hiyo mijini, lakini vijijini baiskeli haijaachwa.

Chombo hicho kikiingia shimoni na mzigo mzito, gurudumu hupinda. Wengi huendelea kukipanda hivyo hivyo, na hapo ndipo hatari ilipo. Gurudumu liyumbalo hukwaruza uma, hula tairi, na breki zake hazishiki sawasawa. Mtu ateremkaye kutoka miinuko ya Wanale kuelekea mjini Mbale, na mkungu wa ndizi nyuma yake, hana budi kuwa na breki za kuaminika.

Ndugu msomaji, kabla ya kushika spana, fahamu jinsi gurudumu linavyosimama. Spoku hufanya kazi kwa kuvuta, kama kamba za hema. Zile zilizofungwa upande wa kulia wa kitovu huivuta rimu kulia, na za kushoto huivuta kushoto. Pande hizo mbili zikivutana kwa usawa, rimu hukaa katikati. Basi kunyoosha gurudumu ni kurudisha usawa huo.

Pindua baiskeli juu chini, isimame kwa kiti na usukani juu ya gunia. Shika gurudumu ulitikise. Likicheza kitovuni, rekebisha kwanza gololi na koni zake, kwa maana hakuna kipimo kitakachokuwa cha kweli kabla ya hapo. Kisha vua tairi na mpira wa ndani, ili ncha ya spoku isije ikautoboa. Spoku iliyokatika ibadilishwe. Nati zilizoshika kutu zitiwe tone la mafuta na kuachwa usiku kucha.

Sasa funga kijiti kwenye uma, ncha yake ikaribie rimu bila kuigusa. Zungusha gurudumu polepole. Pale rimu inapogusa kijiti ndipo palipopinda. Patie alama ya chaki. Ikiwa imeegemea kushoto, kaza spoku za kulia zilizo mahali hapo, na ulegeze za kushoto kwa kiasi hicho hicho. Ikiwa imeegemea kulia, fanya kinyume chake. Ukiitazama nati kutoka upande wa tairi kuelekea kitovuni, hukazwa kwa kuzungushwa kama mishale ya saa iendavyo.

Jambo kubwa ni subira. Zungusha kila nati robo ya mzunguko tu, kisha pima tena. Kosa litendwalo mara kwa mara ni kukaza na kukaza bila kulegeza. Rimu huonekana kunyooka kwa muda, lakini spoku chache hubeba mvuto wa zote, nazo hukatika njiani. Zigonge kidogo kwa kidole kama nyuzi za zeze: za upande mmoja zapasa kutoa sauti zinazokaribiana. Ile yenye sauti nene imelegea.

Baada ya hapo sogeza kijiti mbele ya ukingo wa rimu, utazame kama gurudumu ni duara kamili. Palipotokeza nje, kaza spoku za pande zote mbili kwa kiasi sawa. Palipobonyea ndani, zilegeze. Kazi hii ni ya lazima hasa kwa breki za fimbo, kwa kuwa raba zake huibana rimu kutoka ndani, na gurudumu lenye umbo la yai huzifanya zishike na kuachia.

Ukimaliza, hakikisha kuwa hakuna ncha ya spoku iliyotokeza ndani ya rimu. Iliyotokeza ikatwe kwa tupa. Rudisha utepe wa kufunika nati, kisha mpira na tairi. Panda kwanza bila mzigo, na baada ya siku chache pima tena, maana spoku hujikalia upya.

Yapo yasiyotengenezeka nyumbani. Rimu yenye ufa, au iliyochanika penye matundu ya spoku, au iliyojikunja kama tarakimu ya nane, ipelekwe kwa fundi ili ibadilishwe. Kuigonga kwa nyundo na kuirudisha kazini ni kumhatarisha atakayekaa kwenye keria.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nusu saa ya kukagua spoku kila mwisho wa juma, pamoja na tairi lililojazwa upepo wa kutosha na mzigo uliogawanywa sawa pande mbili, vyatosha kulinda gurudumu. Wafundisheni kazi hii vijana wa kike na wa kiume, kwani wote huipanda baiskeli hiyo hiyo.