Kwa Nini USDT ya Tron Si USDT ya Ethereum

Unakumbuka kabla ya 2018? Ukimtumia beshte wa Airtel pesa kutoka M-Pesa, alipata meseji yenye kodi, kisha ilibidi atafute wakala wa M-Pesa azitoe. Aprili 2018 mitandao hiyo ikaunganishwa, na sasa pesa zinaingia moja kwa moja kwenye simu yake.

Blokicheni nyingi bado hazijafika hapo. Ethereum ni daftari moja, linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani. Tron ni daftari lingine. Hakuna linaloweza kusoma lingine lenyewe. Ndiyo maana USDT ya Ethereum na USDT ya Tron, ingawa zote zinahesabiwa kwa dola, haziko mahali pamoja.

Ukitaka kuvuka, mara nyingi unatumia daraja. Ni kama kuweka magunia ya mahindi kwenye ghala ukapewa risiti: sarafu zako zinafungiwa upande huu, na upande wa pili unapewa sarafu mpya zinazoziwakilisha. Lakini ghala likivunjwa, risiti yako ni karatasi tu.

Na yamevunjwa, tena sana. Machi 2022, daraja la Ronin, lililotumiwa na wachezaji wa gemu ya Axie Infinity, liliibiwa ETH 173,600 na USDC milioni 25.5, zaidi ya dola milioni 600 kwa jumla. Lilikuwa na walinzi 9, na sahihi 5 zilitosha kufungua. Wezi walipata funguo 5, na 4 kati ya hizo zilikuwa za kampuni moja! Kilichonishangaza zaidi ni kwamba wizi uligunduliwa baada ya siku 6, pale mteja mmoja alipojaribu kutoa ETH 5,000 akashindwa.

Wewe labda hutawahi kugusa daraja. Lakini kila ukituma USDT, programu inakuuliza unatumia mtandao gani, na wengi wetu tunabonyeza tu ule wa bei rahisi. Anwani za Tron huanza na T, kwa hivyo hizo ni rahisi kutofautisha. Shida ni zile za 0x, kwa sababu Ethereum, Polygon na BNB Chain zote zinazitumia, na programu inaweza kukubali bila kulalamika. Muulize mpokeaji kwanza anapokea kwa mtandao gani, halafu mtumie kiasi kidogo cha kujaribu. Huko hakuna kastoma kea wa kukurudishia.